Mazimbu: Familia Zilizoishi Ugenini Chini ya Uluguru

Ukipanda daladala ya Mazimbu kutoka katikati ya mji wa Morogoro, baada ya kilomita chache tu unafika kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo yanayoitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Wanafunzi wanashuka na mabegi yao, wengine wanaelekea hosteli, wengine darasani. Jina la Mahlangu linatajwa pale kila siku kama tunavyotaja jina la kituo chochote cha basi. Sijui ni wangapi kati yetu huwa tunajiuliza kijana wa Afrika Kusini amefikaje kuwa jina la chuo chini ya milima ya Waluguru.

Jibu la haraka tunalijua, tumelisoma kwenye somo la historia: Tanzania ilisaidia ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Chama cha ANC, baada ya kupigwa marufuku kwao mwaka 1960, kilifungua ofisi Dar es Salaam, kisha Morogoro. Mkutano wake mkubwa wa mwaka 1969, ule ulioanza tarehe 25 Aprili na kufungua uanachama kwa watu wa rangi zote waliokuwa uhamishoni, ulifanyika hapa hapa Morogoro. Hadi leo wanasiasa wa Afrika Kusini wakisema "Morogoro" wanamaanisha mkutano. Sisi tukisema Morogoro tunamaanisha mji kasoro bahari.

Hayo ni mambo ya siasa, na yameandikwa vya kutosha. Mimi ninataka tuongee habari ya nyumba. Kwa miaka kama 15 hapa Mazimbu, na baadaye Dakawa, waliishi maelfu ya watu wa nchi nyingine. Walipika, walifua, waliugua malaria, walioa, walizaa, walizika. Walikuwa familia za kigeni kwenye mji wetu. Mtu akihamia ugenini kwa kazi, huwa na tarehe ya kurudi na tiketi mkononi. Hawa hawakuwa na kimojawapo. Je, watu wa namna hiyo waliishije? Na wenyeji waliowapokea walipata nini, walipoteza nini?

Tuanzie mwanzo. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans. Polisi waliwapiga risasi. Miezi iliyofuata maelfu ya vijana walivuka mipaka kwenda Botswana, Swaziland na Msumbiji, wengine wakiwa bado na umri wa kukaa darasa la saba. ANC ilijikuta na mzigo ambao haikuupangia. Ilikuwa na makambi ya kufundishia wapiganaji, lakini huwezi kumpa bunduki mtoto wa miaka 13. Mtoto anahitaji shule, kitanda, na mtu wa kumuuliza kama amekula.

Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ikawapa shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, pale Mazimbu. Katika simulizi za pande zote mbili jina la Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, halikosekani. Kilichokuwepo kilikuwa nyumba chache chakavu za enzi za shamba, pori, nyoka, na mto Ngerengere pembeni. Wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 1978, na tarehe 8 Januari 1979 Oliver Tambo, rais wa ANC, aliweka jiwe la msingi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 6 Aprili, Serikali ya makaburu ilimnyonga Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22. Shule ikapewa jina lake: Solomon Mahlangu Freedom College, kwa kifupi SOMAFCO. Watu wa Morogoro hawakuhangaika na kifupi hicho. Kwao palikuwa ni Mazimbu, na waliokaa pale walikuwa "wale wa Mazimbu" au "wakimbizi wa Afrika Kusini".

Kwenye makaratasi ilikuwa shule. Kwa vitendo ilikuja kuwa mji mdogo. Palikuwa na shule ya chekechea, ya msingi na ya sekondari, mabweni, maktaba, hospitali iliyojengwa kwa michango ya wananchi wa Uholanzi, kiwanda cha samani kilichopewa jina la Vuyisile Mini, na shamba lenye mahindi, mboga, ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Fedha na walimu walitoka Norway, Sweden, Denmark, Ujerumani Mashariki na kwingineko. Mwaka 1982 Serikali ikaongeza ardhi Dakawa, kwenye barabara ya kwenda Dodoma. Ufunguzi rasmi wa Mazimbu ulifanyika Agosti 1985.

Sasa fikiria siku ya kawaida ya mtoto aliyetoka Soweto. Anaamka, anaona milima mirefu imefunikwa na ukungu, na kwao mlima alioujua ni ule wa mchanga uliotoka kwenye migodi ya dhahabu. Jina analoitwa darasani si lake. Wanafunzi walipewa majina mapya ili wapelelezi wa makaburu wasiwatambue, na ndugu zao waliobaki nyumbani wasije wakasumbuliwa. Barua kwa mama haziandikwi ovyo, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kuna vijana waliokaa miaka mingi hapa Morogoro bila mama zao kujua kama wako hai.

Hofu hiyo haikuwa ya kujitungia. Januari 1981 majeshi ya makaburu yalivamia nyumba za ANC Matola, Msumbiji. Desemba 1982 waliua watu Maseru, Lesotho. Juni 1985 ilikuwa zamu ya Gaborone. Ruth First, mwandishi na msomi, aliuawa kwa barua yenye bomu ofisini kwake Maputo, Agosti 1982, na ndiyo maana kituo cha Dakawa cha kuwapokea wanafunzi wapya kikapewa jina lake. Tanzania ilikuwa mbali kidogo na mkono wa makaburu, lakini siyo mbali sana. Ndiyo maana Mazimbu palikuwa na geti na walinzi. Majirani wengine waliona geti hilo wakasema wageni hawa wanaringa. Ukiwa nje ya geti, ni vigumu kujua kama limefungwa kwa hofu au kwa majivuno.

Lugha ndiyo iliyoanza kulegeza geti hilo. Darasani walitumia Kiingereza, na mabwenini Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kitswana vilichanganyika. Lakini sokoni ilibidi Kiswahili. Na hapo mtoto wa Kizulu aligundua jambo la kufurahisha: mbuzi kwao ni imbuzi, nyama ni inyama, kupika ni pheka, kuona ni bona. Maneno yalikuwa yanafahamiana kabla watu hawajafahamiana. Hata ugali haukuwa mgeni, kwao wanao, wanauita papa au phuthu. Kilichowashinda wengi kilikuwa joto la Februari na malaria, ambayo watu wa Johannesburg hawakuwa na kinga nayo kabisa.

Kulikuwa na kitu kingine cha kuwaunganisha, nacho ni wimbo. Nkosi Sikelel' iAfrika, uliotungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897, ndiyo sauti ile ile ya Mungu Ibariki Afrika. Kwa hiyo kwenye sherehe, wimbo ukianza, mwenyeji na mgeni walisimama wote wawili, kila mmoja akijua ni wake. Wao ulikuwa umepigwa marufuku usiwe wa taifa, sisi ulikuwa unafungulia matangazo ya redio.

Sasa tuseme na yale ambayo kwenye sherehe hayasemwi.

Kumbuka hali ya nchi wakati huo. Vita ya Kagera iliisha mwaka 1979 na kutuacha hoi. Mafuta ya taa, sukari, sabuni, nguo, vyote vilikuwa kwa foleni. Watu wa umri wa wazazi wetu wanakumbuka kuogea majani ya mpapai. Na ndani ya geti la Mazimbu zilikuwa zinaingia kontena za misaada kutoka Ulaya: nguo, viatu, sabuni, vyakula vya makopo. Wanafunzi hawakuwa na fedha mfukoni, lakini walikuwa na suruali za jinzi. Majirani hawakuwa na jinzi, ila walikuwa na pombe, kuku, ndizi na matunda ya mlimani. Unaona mwenyewe biashara gani itazaliwa hapo. Watafiti Sean Morrow, Brown Maaba na Loyiso Pulumani, walioandika historia ya shule hiyo mwaka 2004, hawakuficha jambo hili. Nguo za msaada ziliuzwa mtaani, ulevi uliwasumbua vijana wengi, na ugomvi na wenyeji ulitokea.

Mimi sioni aibu kwa upande wowote. Kijana aliyeona mwenzake akipigwa risasi, akaishi kwa jina la bandia, akakaa miaka saba bila barua ya mama, ukimkuta amelewa kwenye kilabu cha pombe usiulize amelelewa wapi. Na mama wa Kiluguru aliyempa ndizi akachukua shati la kumvika mwanawe shuleni, naye usimwite mlanguzi. Ila ni lazima tuelewe kuwa ujirani wao haukujengwa na hotuba za mshikamano peke yake. Ulijengwa pia na uhaba.

Halafu ikaja tarehe 12 Aprili 1984. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameongoza msako wa wahujumu uchumi na kupendwa na wanyonge kwa ajili hiyo, alikuwa anarudi Dar es Salaam kutoka Dodoma kwa gari. Dakawa msafara wake ukagongana na gari jingine, na Sokoine akafariki. Dereva wa gari lile jingine alikuwa mkimbizi wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC.

Jaribu kuwa mzazi wa Kiafrika Kusini pale Mazimbu jioni ya siku hiyo. Redio inapiga muziki wa maombolezo. Nchi nzima inalia. Kesho mtoto anatakiwa kwenda mjini kununua daftari. Unamwambia aseme ametoka wapi? Hadi leo, ukikaa kijiweni mazungumzo ya ajali ile yakianza, hayaishi, na kila mtu ana nadharia yake. Mahakama ilimpeleka dereva jela.

Lakini tazama kilichofuata. Tanzania haikuwafukuza. Ardhi ya Dakawa haikurudishwa. Ujenzi wa Mazimbu uliendelea, na mwaka uliofuata ndipo shule ilipofunguliwa rasmi. Mwaka ule ule wa 1984 chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro kikapewa jina la Sokoine. ANC ilipoondoka miaka minane baadaye, majengo ya Mazimbu yakaja kuwa mali ya chuo hicho hicho. Kwa hiyo leo kampasi yenye jina la Mahlangu iko ndani ya chuo chenye jina la Sokoine. Nadhani watu wengi wanaopita pale hawajawahi kuliwazia hilo, na linastahili kuwaziwa. Ni rahisi kumkaribisha mgeni wakati hajakukosea. Morogoro ilimkaribisha, ikafiwa kwa ajali yenye mkono wake, ikaendelea kumkaribisha.

Turudi nyumbani, kwa wanawake, kwa sababu huko ndiko historia hii inakouma zaidi.

Msichana wa SOMAFCO akipata ujauzito, masomo yalisimama. Alihamishiwa kwenye kituo cha akina mama na watoto kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke, akakaa huko akilea. Msichana wa miaka 17, bila mama, bila shangazi, bila bibi wa kumkanda maji ya moto. Shughuli ambayo kwetu inafanywa na ukoo mzima, pale ilifanywa na chama. Chama kilikuwa baba, kilikuwa mjomba, kilikuwa mshenga. Hata ukitaka kuoa au kuolewa, ulipaswa kuomba ruhusa ya chama.

Na wapo waliowaoa Watanzania. Wanaume wa Afrika Kusini walikuwa wengi kuliko wanawake wao, mji ulikuwa karibu, na vijana ni vijana. Baadhi ya ndoa zilipata baraka za chama, nyingine zilikuwa za kuishi tu pamoja, lakini watoto walizaliwa kwenye zote. Mwaka 2014 wanahistoria Arianna Lissoni na Maria Suriano walichapisha makala kuhusu wanawake wa Kitanzania walioishi na wapigania uhuru hao, na jina la makala kwa Kiswahili lingekuwa "Kuolewa na ANC". Jina hilo ni kweli tupu. Mwanamke aliyempenda mmoja wao aliolewa na jeshi zima: na siri zake, na safari zake za ghafla, na jina ambalo huenda si lake. Mume anaaga kwamba anakwenda Lusaka wiki mbili, anarudi baada ya mwaka au harudi.

Tarehe 2 Februari 1990 Serikali ya makaburu iliondoa marufuku dhidi ya ANC. Siku tisa baadaye Nelson Mandela alitoka gerezani. Mazimbu palilipuka kwa furaha, na palikuwa na kila sababu. Lakini kwenye nyumba fulani za Morogoro furaha hiyo ilikuja na swali: sasa sisi? Ugeni ulikuwa umekwisha ghafla. Watu waliokuwa wakisema "tutarudi" kwa miaka mingi sasa walikuwa wanarudi kweli. Shule ilifungwa na kukabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania Julai 1992.

Baadhi ya wake wa Kitanzania waliondoka na waume zao. Wengine waliambiwa wasubiri, mambo yakikaa sawa watatumiwa nauli. Baadhi yao wanasubiri hadi leo, ingawa sasa ni bibi. Wanaume wengine walikuwa na wake huko kwao tangu zamani. Wengine walikufa. Wengine walirudi kwenye majina yao ya kuzaliwa, na hapo ndipo utaona jinsi historia inavyoweza kuwa katili bila mtu kukusudia. Ukimtafuta mtu kwa jina la vita, na jina hilo limebaki Mazimbu, utampata wapi? Jina lililomlinda baba dhidi ya wapelelezi sasa linamzuia mtoto kumpata baba.

Kwa Waluguru ukoo hupita kwa mama. Mtoto anazaliwa ndani ya ukoo wa mama yake, ardhi anaipata huko, na kutoka upande wa baba hubeba mtala, jina linaloonyesha ukoo wa baba ni upi. Kwa utaratibu huo mtoto wa Mazimbu aliyezaliwa na mama wa Kiluguru hakuwa mtu bila kwao. Alikuwa na wajomba, alikuwa na mahali pa kulima, na akifa alikuwa na mahali pa kuzikwa. Ninafikiri mpango huu wa wazee uliwaokoa watoto wengi kuliko kamati yoyote. Lakini nusu ile ya pili, mtala, ilibaki wazi. Na si wanawake wote walikuwa Waluguru. Waliotoka kwenye makabila yanayofuata upande wa baba, watoto wao walikosa hata hiyo nusu ya kwanza.

Waliorudi Afrika Kusini nao hawakupata mteremko. Watoto waliozaliwa Mazimbu walikuwa hawajawahi kuiona nchi waliyoambiwa ni yao. Walifika wakiwa na lafudhi ya Morogoro, na Kiswahili kikiwatoka hata wakiwa usingizini. Na ile nchi mpya, mwaka 2008, 2015 na 2019, ililipuka kwa fujo dhidi ya Waafrika waliotoka nje. Mwaka 2008 peke yake waliuawa zaidi ya watu 60. Watanzania wengi tulipoona picha zile tulisema kwa hasira, "Tuliwalea sisi." Ninaielewa hasira hiyo. Ila mzee anayeijua Mazimbu akisema hivyo ana haki kuliko sisi wengine, tunaodai shukrani kwa ukarimu walioutoa mama zetu na bibi zetu, huku hao mama wenyewe hatujawahi kuwauliza iliwagharimu nini.

Pale kampasi makaburi ya Waafrika Kusini bado yapo, yanatunzwa, na wajumbe kutoka Pretoria huja kuweka mashada. Septemba 2024 nchi yao ilirudisha mabaki ya wapigania uhuru zaidi ya 40 kutoka Zambia na Zimbabwe, yakapokelewa kwa heshima zote. Ni jambo jema. Wafu wana orodha, wana majina yao halisi, wana tarehe. Walio hai hawana orodha. Hakuna kibao pale Mazimbu chenye jina la mwanamke wa Morogoro aliyebaki na watoto watatu mwaka 1991, na hakuna kibao cha vibarua wa Kitanzania waliochanganya zege la mabweni yale.

Wasomaji wa ukurasa huu tunapenda sana kuulizana kwa nini hatuna riwaya kubwa za Kiswahili kuhusu ukombozi. Tunasubiri mashujaa wenye bunduki. Mimi nawaambia riwaya hizo zipo Kihonda, zipo Mazimbu, zipo Dakawa, zimekaa kwenye vibaraza zikichambua mchicha. Wanawake waliokuwa na miaka 20 wakati shule inafunguliwa rasmi, sasa wamekaribia au wamevuka 60. Wana picha kwenye masanduku, wana barua zenye majina mawili mawili, wana watoto wanaofanana na watu wasiowajua. Mwandishi akitaka kuanza, aende na daftari, aende na sukari kilo mbili kama ilivyo desturi, na asiwe na haraka ya kuuliza kuhusu Tambo. Aanze kwa kuuliza walikutana wapi, na mwenzake alipenda kula nini.